Mulija wa Kwanza na Matofali ya Babeli

Siku ya Mungu, 8 Novemba 1953. Kingi.

Naanza kuandika leo. Muzee wangu, bwana yangu, akinisikia nasema, anasinzia. Karatasi haisinzii. Kuandika nilijifunza ku katekisimu, nikiwa mama mukubwa, na kama erufi zangu zinalala upande, zilale tu. Zimechoka sawa mimi.

Habari: wakwe wanakuja siku ya posho, 14 Novemba. Wale wa Walikale. Mujukuu wangu Libérata ataolewa na kijana wao Nestor. Nestor haiko mubaya. Masikio makubwa, lakini anasalimia kwa mikono mbili. Shida haiko Nestor. Shida ni koko yake, mama ya papa yake, Mama Hélène.

Naandika desturi hapa, muntu asije kunibishia. Siku ya wakwe, mutungi moja wa kasiksi, pombe ya ndizi, unawekwa katikati, mbele ya nyumba yangu (ile nyumba, kila muntu wa Kingi akipita anageuza shingo). Upande wa wakubwa njo unatia mulija wa kwanza. Na mwenye kunywa wa kwanza njo anasema fasi gani wale wawili watajenga. Hakuna kubisha.

Kwa hiyo: nikitia mulija mimi, Libérata anajenga hapa, chini ya shamba ya maharagi, nikimuita anasikia. Akitia Mama Hélène, mutoto anaenda Walikale, mu pori, kwenye jua inaingia kwa kuomba ruhusa. Na nani atanitilia uzi mu sindano?

Sasa "wakubwa" ni nani, kabila gani ilitangulia mu dunia? Sisi Wahunde tunasema ni sisi. Wale Wanyanga wa Walikale wanasema ni wao. Leo, kisha misa, muke wa shofere wa kamio ya mizigo alileta neno ya Mama Hélène. Eti tusijisumbue. Eti gharika ilipokauka, mutumbwi wa Noe ulisimama ku mulima yao, na babu yao njo alishuka wa kwanza. Mbele ya Noe mwenyewe! Juu Noe alikuwa bado anafungua mbuzi.

Ku mulango wa kanisa! Watu wote wanasikia! Nilisema eh-eh. Kisha nilisema tena eh-eh. Kisha nilirudi nyumbani.

Libérata alisema, koko, niko na neno juu ya siku ya posho. Nilimwambia achote maji.

Siku ya kwanza ya kazi, 9 Novemba.

Nilienda kwa katekista wetu, Papa Barthélemy. Alikuwa analima viazi. Vizuri. Muntu mwenye jembe mu mikono hawezi kukimbia.

Nilimuuliza Adamu alisema luga gani. Akasema haikuandikwa. Kitabu kinene vile, na neno ya maana haikuandikwa! Nikamuuliza: nyoka alisema na Eva, wakasikilizana, na sisikii mukalimani hata moja, basi nyoka alijua luga gani? Akalima. Nikamuuliza samaki walifanya nini siku ya gharika. Akasema Mama Athanasie, samaki hawakuwa na shida. Nikasema basi samaki ni wakubwa kuliko Noe, hawakuomba mutumbwi. Akalima kwa nguvu.

Kisha alinieleza Babeli. Zamani watu wote walisema luga moja. Wakajenga munara kwenda juu. Mungu akakasirika, akachanganya luga, kila muntu na yake. Nilimuuliza jioni ya siku ile, bwana na muke wa nyumba moja waligombana namna gani. Alisema hata Padri hajaulizwa vile. Nilijua namushinda.

Lakini njo pale alinisomea kitu yenye ilinisimamisha. Wale wa munara walisema: tufanye matofali, tuyachome mu moto.

Matofali!

Babu zetu walijenga na matete na nyasi. Wala tofali moja! Muntu asiyejua tofali atafanya nini ku munara? Hakuwa pale. Kama hakuwa pale, luga yake haikuchanganywa. Kama haikuchanganywa, ni ile ile ya Adamu. Adamu alisema Kihunde!

Nilimwambia Papa Barthélemy. Alisimamisha jembe. Aliniangalia sana. Ni furaha, nafikiri.

Leo nimepika nyama mu maharagi.

Siku ya pili, 10 Novemba.

Nilitaka ushuhuda wa pili, juu wale wa Walikale ni wabishi. Nikafikiri hivi: muntu akilala, hakuna mwalimu. Luga yenye inamutoka mu usingizi, njo ile ulimwengu ulizaliwa nayo. Na muzee wangu anasemaka mu usingizi. Saa ya mchana, kisha kula, nilikaa karibu na kinywa yake.

Alisema kwa Kiswahili: beba, beba, usisimame. Ni kazi yake ya zamani, ya kubeba mizigo ya wazungu. Sasa nimechanganyikiwa. Adamu alikuwa mupagazi? Alibeba nini, na dunia ilikuwa bado tupu?

Kisha alisema: Agathe.

Nilimwamusha. Sasa kuna mambo mawili ya kuuliza. Anasema Agathe ni dada ya shangazi yake. Shangazi gani? Akasinzia.

Jirani yetu Papa Nzabandora alikuja na kiko yake mu meno. Yeye kwao wanasema Kinyarwanda, na anasemaka yote kwa kucheka. Nilimueleza jambo ya matofali, toka mwanzo. Alisikiliza muzuri. Alivuta moshi. Kisha alisema: "Mama Athanasie, na ile kitu umeegemea ni nini?"

Niligeuka.

Ni nyumba yangu. Ya matofali.

Mutoto wangu Isidore, papa ya Libérata, anachoma matofali ya misioni. Zile zilizopasuka kidogo alizibeba pole pole, akanijengea nyumba, ya kwanza Kingi yote. Nimejisifu juu yake tangu aweke ya kwanza. Nilijisifu ku soko, ku kisima, ku kilio ya watu. Mama Hélène mwenyewe nilimutumia neno: sema naye koko ya Libérata analala mu matofali.

Papa Nzabandora alicheka mpaka kiko ikazima. Akasema kumbe munara wa Babeli uko Kingi, na yeye iko anaomba moto pale kila asubui.

Sikula.

Siku ya tatu, 11 Novemba.

Nimepata!

Matofali hayataonekana. Udongo, mavi ya ngombe, kisha matete juu yake. Nyumba itakuwa sawa ya babu. Manjanja ya juu, yale mabati, tutaifunika na nyasi. Mama Hélène atafika, ataona nyumba ya muntu asiyejua Babeli, na atanyamaza.

Na kama atasema nilimutumia neno juu ya matofali? Nitasema muke wa shofere ni mwongo. Watu wote wanajua.

Libérata alikanda udongo na mimi. Miguu yake ilizama mpaka goti. Aliuliza juu ya nini tunapaka matope ukuta yenye papa yake alijenga. Nilimwambia ni juu yake mwenyewe, juu ya luga ya Adamu. Akasema koko, umeshauliza kama mimi… Nilimwambia akandike na kinywa imefungwa, matope inaingia.

Siku ya ine, 12 Novemba.

Isidore alirudi toka ku tanuru ya misioni. Alipita nyumba. Aliipita kabisa! Alienda mpaka kwa Papa Nzabandora kuuliza mama yake alihamia wapi. Njo najua kazi iko muzuri.

Kisha alipoelewa, alirudi. Alipitisha mukono ku ukuta, fasi yenye dirisha ilikuwa. Nilisahau dirisha. Tuliifunika nayo pia. Akasema mama, ile kona nilirudia mara nyingi, ili isimame sawa. Nilimwambia kona bado iko, imevaa tu. Hakula kwetu.

Watu wanajua kununa.

Mawingu nyeusi juu ya mulima. Mvua itaenda upande wa Lushebere. Kila siku inaendaka kule.

Siku ya Mungu, 15 Novemba.

Jana sikuandika. Sasa naandika yote, na nitaandika kweli, hata fasi zenye kuwasha.

Wakwe walifika mbele ya jua kusimama katikati. Wanaume wao, wamama wao, nyama ya kukausha mu majani, Nestor na masikio. Na Mama Hélène. Mudogo, mukavu, anatembea sawa muntu mwenye kulipa barabara. Papa Barthélemy alikuwa pale kama mushuhuda. Mutungi katikati. Mirija imelala juu ya jani ya ndizi. Libérata alikaa nyuma na wamama, macho chini, sawa inavyopashwa.

Mama Hélène aliangalia nyumba. Alikaribia. Alinusa. Akasema: "Mama Athanasie, nyumba yako iko na jasho."

Nilisema ni umande.

Nilianza mara moja. Nilisema Babeli, matofali, matete, Adamu, Kihunde. Wanyanga walisikiliza. Kisha Mama Hélène alisema luga haina kazi kama mwenye luga alizama. Tuanze na maji, akasema. Gharika yenu ilikuwa namna gani? Na alisimulia yake: mvua, mvua, muti moja mukubwa, watu wakachimba mutumbwi ndani, wakaingia na imbwa wa kuwinda, wakasimama ku mulima ya Walikale.

Nilisimulia yetu, ile niliyopewa na mama yangu. Maji yote ya dunia ilikuwa mu mutungi mudogo. Mama mukwe alikataza kufunua. Muke wa mutoto akafunua. Maji ikatoka, ikajaza mabonde, ikafanya maziwa ya Mokoto.

Mama Hélène alisema anaona vizuri: hata dunia ikizama, ni kosa ya bibi arusi.

Watu walicheka. Mimi nikapandisha sauti. Na pale, naandika kweli, nilitia neno yangu mwenyewe, mama yangu hakuisema. Nilisema maji haikufika kwetu! Ilisimama ku goti ya mulima. Sisi hatukuingia mutumbwi ya muntu, hatukuomba lifti kwa Noe. Njo maana sisi ni wakubwa kuliko Noe!

Papa Barthélemy alikohoa. Alisema Mama, kitabu kinasema maji ilipita milima yote. Mwenye hakuingia mutumbwi, alikufa.

Mama Hélène aliwaza kidogo. Kisha alisimama. Alikuja mbele yangu, akashika mikono yangu mbili, akasema: "Pole, Mama. Pole sana ya kilio ya babu zako wote."

Na Wanyanga wote wakasimama! Moja moja, kunishika mukono. Pole Mama. Mungu awapumuzishe. Nestor alitoa kofia. Muzee wangu, huyu mwenye kulala, aliamuka pale na akajibu aksanti, aksanti, kama kweli tumefiwa!

Nilikuwa natafuta jibu. Nilikuwa karibu kuipata. Mvua ikaanza.

Haikuenda Lushebere.

Sijaona mvua sawa ile. Matone sawa mbegu za maboga. Watu wakaanza kukimbia ku jikoni yangu ya nyasi, jikoni ikalala chini. Wakarudi. Na nyumba yangu, mbele ya macho ya wakwe, ikaanza kuvua nguo. Matete ikateleza. Udongo ukashuka, mavi ya ngombe ikashuka, ikapita mu kiwanja yote. Tofali moja nyekundu. Kisha mustari. Kisha ukuta muzima unang'aa, umeoshwa, na dirisha ya Isidore imefunguka sawa jicho.

Papa Nzabandora alikuwa anakuja kwetu mbio na mbuzi wake mbili. Alisimama mu mvua, alionyesha na kiko. "Babeli!" alilia. "Babeli!"

Kisha muto wa chini ulipanda. Kweli ulipanda, ulikula shamba ya maharagi na chini yake, fasi ile ile nilisema Libérata atajenga. Maji ikafika kiwanja. Isidore alisimama ku mulango, akaita kila muntu kuingia. Wote wakaingia mu matofali: Wahunde, Wanyanga, kuku, mbuzi za Nzabandora, Papa Barthélemy na kitabu kichwani. Kila muntu analia kwa luga yake. Muntu anaita mutoto wake, mwingine anaitika. Nilisimama katikati na sikujua tena kama niko mu mutumbwi ya Noe ao mu munara. Watu wa mutumbwi na makelele ya munara. Nilitaka kumuuliza Papa Barthélemy kama vitu viwili vile vinaweza kufika siku moja, lakini mbuzi alisimama ku mguu wangu.

Njo pale tuliona Mama Hélène hayuko.

Alikuwa inje. Juu ya kiti yake, katikati ya kiwanja, maji mu magoti, mikono yake imekumbatia mutungi. Hakutaka kuacha mulija wa kwanza. Mulango ulikuwa pale pale, na yeye anapiga kelele eti mutungi usiguswe na muntu!

Ningefanya vile mimi pia. Naandika tu.

Libérata hakungoja. Alifunga kitenge juu ya magoti, akaingia mu maji. Nestor akamufuata, akaanguka, akasimama, akaanguka. Libérata alimutia Mama Hélène mu mugongo sawa mutoto, na Mama Hélène alishika mutungi mu kifua, na hivi wakakuja, watu wawili na kasiksi, maji inavuta. Niliita jina yake. Sijui kwa luga gani niliita.

Waliingia. Tulifunga mulango. Libérata alitetemeka, meno inagongana, midomo nyeupe. Mama Hélène alimuangalia. Alitoa mulija mu nguo yake (alikuwa ameificha tayari, yule mama!), akautia mu mutungi, na mukono yake ikapeleka ncha ku kinywa ya mujukuu wangu. Akasema: "Kunywa, mutoto, upate moto."

Libérata alikunywa. Muda murefu.

Kisha kila muntu alikumbuka.

Macho yote ku mutungi. Hata mbuzi.

Papa Barthélemy njo alisema, pole pole, kwamba kama anajua vizuri desturi yetu, mwenye kunywa wa kwanza amepewa neno. Nilimuangalia Mama Hélène. Aliniangalia. Wote wawili tulifungua kinywa.

Libérata alisema: "Koko, tangu siku ya Mungu nataka kusema." Akasema Nestor amepata kazi ya mwalimu kule Walikale, na ku masomo ya kule wanatafuta muntu wa kufundisha wasichana wadogo kusoma na kushona. Walimuuliza yeye. Anataka. Atajenga Walikale.

Hakuniangalia. Kisha aliniangalia.

Nilitafuta neno. Luga zote mu nyumba ile, na mimi sikupata hata moja.

Mama Hélène hakushangilia. Hii nayo naiandika. Alikaa chini ya dirisha, akafinya maji mu kitenge yake, akagonga ukuta na kidole. Akasema kona hii imesimama sawa sawa, ni nani aliijenga? Isidore alisema ni yeye. Alikula usiku ule, Isidore. Alikula sana.

Siku ya pili ya kazi, 17 Novemba.

Maji imeshuka. Wakwe wameenda asubui. Mama Hélène alibeba tofali moja ya kuonyesha kwao. Hakuniomba, alibeba tu. Shamba ya maharagi ni matope. Jambo ya Agathe haijaisha.

Nimelala juu ya mambo haya siku mbili na sasa naona wazi. Watu wanafikiri nilishindwa! Papa Nzabandora anapita anasema pole ya mujukuu. Pole ya nini? Nani alikunywa wa kwanza? Libérata. Libérata ni wa nani? Wangu! Basi upande wetu njo umetia mulija. Basi sisi ni wakubwa. Basi Adamu alisema Kihunde, na Mama Hélène mwenyewe ameshuhudia, na mukono yake.

Na jambo ingine. Mvua ilikuja, watu na wanyama waliingia nyumba moja, wakapona. Nyumba ya namna gani? Ya matofali! Kwa hiyo mutumbwi wa Noe ulikuwa wa matofali. Papa Barthélemy anasema kitabu kinasema mbao. Hakuwa pale. Anasema tena matofali inazama. Nilimuonyesha nyumba. Ilizama?

Kwa hiyo mipango ni hii. Isidore ataenda Walikale kujengea Libérata nyumba ya matofali, na chumba moja yangu, na dirisha upande wa mulango wa Mama Hélène. Nitakaa kule wakati wote wa mvua. Nitafundisha wale watoto luga ya kwanza ya dunia, kwa pole pole, juu wameipoteza tangu zamani. Mama Hélène naye anaweza kukuja, atakaa nyuma. Isidore bado hajui. Hakuna muntu anajua. Nitawaambia wote pamoja.

Leo nilijaribu kutia uzi mu sindano mwenyewe. Uzi ni mubaya. Siku hizi wanafanya uzi mubaya.

Libérata amesimama ku mulango. Anasema, koko, niko na neno, ni juu ya Walikale.

Nimemwambia angoje. Haoni niko naandika?